Mguu Haukuwa Kwenye Mafuta

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Pumua, na wengi wao hawakujua kama ana jina jingine. Alikuwa mkunga tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na neno hilo moja ndilo lililokuwa wimbo wake wa kazi: pumua, mama, pumua, usikaze meno, pumua. Vijana wengi waliokuwa wakipiga soga pale kwenye kona ya duka walipita mikononi mwake wangali wekundu na wenye hasira za kuamshwa. Kwa hiyo gari lake lilipovunja mitungi ya maua kwenye lango la hospitali, asubuhi kweupe, mbele ya foleni ya wagonjwa, habari zilifika nyumbani kabla yake.

Lilikuwa gari dogo jeupe la otomatiki, la zamani lakini safi, ambalo alilinunua akiwa bado kazini. Siku hiyo alikuwa akimpeleka dada yake kusafishwa damu. Figo za dada yake zilikuwa zimegoma, na kila baada ya siku chache ilibidi alazwe kando ya mashine mpaka mchana. Walikuwa wakiishi pamoja, wajane wawili, na kila mtu alimwita huyo mkubwa Dada Mkubwa, hata watu waliomzidi umri, kwa sababu hakuwapa nafasi ya kumwita vinginevyo.

Njia ya hospitali ina mteremko mrefu unaoanzia kwenye ukuta wa shule na kuishia kwenye kona, na lango liko hapo hapo baada ya kona. Mama Pumua aliondoa mguu kwenye mafuta pale juu, kama alivyozoea, akaliacha gari lijiendee. Badala ya kutulia, injini ikapandisha sauti. Ikavuma kama mtu aliyetukanwa. Akakanyaga breki, gari likasita, kisha likasukuma mbele, kama ng'ombe anayekataa kamba. Akakanyaga kwa nguvu zake zote mpaka goti likamtetemeka. Lilisimama, lakini mitungi ya maua ilikuwa imekwisha kuwa vigae. Na liliposimama tu, injini nayo ikatulia papo hapo, ikawa inanguruma kwa upole kama paka aliyeshiba.

Mlinzi wa lango alikuja mbio. Alipoona hakuna aliyeumia, akainama dirishani.

"Pole, mama. Umekanyaga mafuta ukidhani ni breki."

"Sikukanyaga mafuta."

"Huwa inatokea, mama," akasema mlinzi, kwa upole uleule ambao Mama Pumua mwenyewe alikuwa akiutumia kwa wanawake waliofika wodini wakidai hawana uchungu wowote.

Akamgeukia dada yake. "Dada, si uliona? Mguu ulikuwa kwenye breki."

"Mimi nilifumba macho," akasema Dada Mkubwa, akijifuta vumbi ambalo halikuwapo. "Nilikuwa nazungumza na Mungu wangu. Sikuwa na nafasi ya kukagua miguu yako."

*

Mwanawe wa pekee alikuwa mpima ardhi, mtu wa kamba na vigingi, asiyeamini kitu mpaka akipime. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alikuja, akamkumbatia mama yake, akamsikia akisema hakukanyaga mafuta, akalitazama gari, akalipeleka kwenye gereji iliyo karibu na ofisi yake. Kule wakabadilisha plagi, wakasafisha kichujio cha hewa, wakaliwasha na kulisikiliza. Silensa ilikuwa sawa, wakasema. Yaani ule mvumo wa injini wakati hakuna anayekanyaga mafuta ulikuwa wa kawaida, hauruki wala haupandi. Gari ni zima.

Alipoyaleta majibu hayo, hakuna aliyeuliza kama gari ni zima basi mbovu ni nani. Walikaa sebuleni watatu, chai ikipoa, na swali lenyewe limeketi kati yao kama mgeni asiyeaga.

"Mama," mwanawe akaanza, akitazama viatu vyake, "siyo adhabu. Nitatafuta dereva wa kuwapeleka hospitali. Wewe pumzika tu. Funguo nikae nazo mimi kwa muda."

"Kwa muda gani?"

Mama Pumua aliziangalia funguo zikiingia mfukoni mwa mtoto aliyemfundisha kutembea, akasema, "Unanichukulia miguu, baba."

"Mama, tafadhali."

"Zichukue. Nimesema tu."

Na kilichomwumiza zaidi ni kwamba hakubisha. Mtu aliyemjua angeshangaa, kwa maana mwanamke yule aliwahi kubishana na daktari mkuu mbele ya wanafunzi wake na akashinda. Lakini safari hii kulikuwa na jambo ambalo yeye peke yake alilijua. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, aliouchunga vizuri, na kwenye kliniki ya mwisho muuguzi mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, alimwambia afumbe macho, akawa anamgusagusa nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni. "Sema hapa ukisikia, Sista." Hapa. Hapa. Hapa. Halafu kimya. Alipofumbua macho aliona uzi umekunjama chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, na yeye hakuwa amesikia kitu. "Ni sehemu ndogo tu, Sista," yule binti alisema haraka. "Tutaiangalia."

Mguu wa kulia. Mguu wa mafuta na breki.

Maisha yake yote aliwaambia wanawake kwamba mficha uchi hazai. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akificha, na kila alipojiuliza mguu wake ulikuwa wapi asubuhi ile kwenye mteremko, jibu lilizidi kuwa jepesi mkononi, kama sabuni inayoishaishia. Mwanzoni alikuwa na hakika. Baada ya siku chache alikuwa anadhani. Baada ya wiki hakujua tena.

*

Dereva wa kukodi alikuwa kijana mwenye adabu lakini hakujua saa. Mara alichelewa, mara hakutokea, na siku moja Dada Mkubwa alifika kwenye mashine akiwa amevimba uso kwa sababu ya kuchelewa. Alirudi nyumbani akiwa hana nguvu lakini ana maneno.

"Yule mtoto anaendesha kama amebeba mayai ya mkwewe," akasema. "Na redio yake inanipigia kelele mpaka damu iliyosafishwa inachafuka tena."

Mama Pumua alicheka kidogo tu. Siku zile kicheko chake kilikuwa cha kukopa.

Asubuhi moja Dada Mkubwa alitoka chumbani kwake akamkuta jikoni amekaa kwenye kiti, macho yamefumbwa. Chini mbele yake alikuwa amepanga ndala mbili sambamba, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukihama kutoka ndala moja kwenda nyingine huku midomo ikinong'ona: mafuta, breki, mafuta, breki.

"Hiyo ngoma inachezwa wapi?" akauliza Dada Mkubwa.

Mama Pumua alishtuka, akataka kuzificha zile ndala, kisha akachoka kuficha. Akamwambia yote: uzi wa nailoni, kidole gumba, kimya kile cha kliniki. Akasema, "Huenda mlinzi alisema kweli, dada. Huenda nilikanyaga mafuta na mguu wangu haukuniambia. Ningeweza kutuua sote wawili."

Dada Mkubwa alivuta kiti akakaa kwa kishindo.

"Mjinga wewe," akasema kwa mapenzi yake yote. "Nilifumba macho. Masikio sikuyafumba. Gari lile lilianza kuvuma pale juu kwenye ukuta wa shule, wakati unanisimulia habari za yule jirani na paa lake la mkopo. Ulikuwa unacheka. Mtu hukanyaga vibaya akishtuka. Hakanyagi vibaya akiwa anasengenya."

Mama Pumua alimtazama.

"Na tena," dada yake akaendelea, "si siku ile peke yake. Kila tukishuka pale huwa linavuma, ila lilikuwa linavuma kidogo. Mimi nilidhani ndivyo magari ya kizee yanavyokohoa, nikanyamaza. Wewe hukusikia?"

Akafikiri. Na kweli, alipofikiri kwa utulivu, aliukumbuka ule mvumo, wa wiki nyingi nyuma: mdogo, wa kupita, anaondoa mguu na gari linachelewa kutulia, anakanyaga breki kidogo zaidi, anasahau. Alikuwa ameuzoea, jinsi mtu anavyoizoea bawaba inayolia. Alihisi kitu kikimlegea mabegani, kidogo sana, lakini alikihisi.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Hukuniuliza kama nilisikia. Uliniuliza kama niliona."

Dada Mkubwa hakuishia hapo. Marehemu mumewe alikuwa na lori, na lori lile lilikuwa na fundi wake, mtu ambaye mumewe alimwamini kuliko alivyowaamini nduguze. Namba yake ilikuwa bado kwenye simu. Alimpigia hapo hapo, kwenye meza ya jikoni, akaongea naye kama jenerali. Kisha akampigia mpwa wake na kumwambia aje Jumamosi na funguo.

"Mama Mkubwa, gereji walishasema gari halina..."

"Nimekuambia njoo na funguo. Sijakuambia njoo na gereji."

*

Walimwita Fundi Kofia kwa sababu ya kofia ya sufu ambayo hakuivua, jua liwake, mvua inyeshe. Alikuja kwa pikipiki, begi la zana limefungwa nyuma, akaamkia wakubwa wote wawili, akasalimiana na mpima ardhi, kisha akafanya jambo lililomshangaza kijana yule: hakufungua boneti. Alivuta kibao akakaa mbele ya Mama Pumua.

"Gari nitaliuliza baadaye," akasema. "Nianze na mwenyewe. Linavuma likiwa limepoa au likishapata moto?"

"Vyote viwili," akajibu Mama Pumua. Bila kujua alikuwa ameketi wima, mikono magotini, kama anavyokaa mkunga anayekabidhi wodi kwa zamu inayofuata.

"Kwenye tambarare?"

"Kidogo, au halivumi kabisa. Kwenye mteremko ndiyo."

"Ukitoa mguu tu, au ukikanyaga na breki?"

"Nikitoa mguu linaanza. Nikikanyaga breki linazidi."

Fundi Kofia aliinua nyusi mpaka zikaingia kofiani. "Breki inalizidisha? Haya. Na likisimama?"

"Linatulia papo hapo. Kama mtoto aliyepata ziwa."

Fundi alicheka, akasimama. Akamgeukia mpima ardhi. "Ndugu yangu, sisemi wa gereji ni wabaya. Walilisikiliza likiwa limesimama, na likisimama halina ugonjwa. Tukatembee nalo. Wewe endesha."

"Mimi? Si ungeendesha wewe fundi?"

"Mimi nataka mikono yangu iwe huru. Na wewe ndiye mwenye funguo."

Mama Pumua aliketi nyuma. Dada Mkubwa alibaki barazani, akisema ameshaona sinema hiyo.

Walizunguka barabara tambarare ya nyuma ya soko, wakaenda mpaka mzunguko, wakarudi. Fundi, begi la zana miguuni, alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea chini ya dashibodi. "Toa mguu," alisema mara kwa mara. Mpima ardhi alitoa mguu, na gari lilitulia kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Tena. Likatulia. Tena. Likatulia. Mama Pumua aliona macho ya mwanawe kwenye kioo cha kati, yakimtazama kwa huruma ile ile ya mlinzi. Ndani ya kiatu alijaribu kukichezesha kidole gumba, asijue kama kimecheza.

"Twende kwenye mlima wenyewe," akasema Fundi Kofia.

Walipofika kwenye ukuta wa shule barabara ilikuwa tupu. "Toa mguu, uache liende." Mpima ardhi akatoa. Gari likaanza kuteremka, kimya, kimya, na Mama Pumua akafumba macho kama dada yake. Kisha akausikia. Ulianza chini, kama nyuki ndani ya debe, ukapanda, ukapanda.

"Fundi," akasema mwanawe.

"Nasikia. Breki, taratibu."

Alikanyaga breki na injini ikafoka. Gari likasita, likajikokota, likasukuma. "Nimetoa mguu!" mpima ardhi akapaza sauti. "Fundi, nimetoa mguu kwenye mafuta! Linasukuma lenyewe! Haki ya nani, sijakanyaga!"

"Naona mguu wako. Tia nyutro. Nyutro! Breki tena, usiachie."

Akasukuma mkono wa gia. Injini ikalia yenyewe bila mzigo, gari likapunguza mwendo, likasogea pembeni na kusimama kando ya uzio wa hospitali, mbali na lango. Na hapo hapo, bila aibu, injini ikatulia.

Mikono ya mpima ardhi ilikuwa imeng'ang'ania usukani, jasho limemtoka mpaka kwenye ndevu. Mama Pumua aliinama mbele, akamwekea kiganja begani.

"Pumua, baba," akasema. "Pumua."

Mwanawe aligeuka akamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja kitu. "Mama," akasema, "sijakanyaga mafuta, ndivyo ulivyoniambia. Maneno hayo hayo."

*

Fundi Kofia aliwashusha wote. Akavuta hendibreki, akaweka jiwe mbele ya gurudumu, akafungua boneti na kuacha injini ikiwaka. Alichungulia kwa muda, akanung'unika, akagusa hapa, akatikisa pale, akiongea na kila kifaa kana kwamba wanadaiana. Kisha akatoa nondo ndefu kwenye begi, akaichomeka kati ya injini na chuma cha bodi.

"Mama, sogea hapa uone. Na wewe, ndugu. Ndani ya gari kuna mtu?"

"Hakuna," akasema mpima ardhi.

"Basi angalieni."

Akaegemea ile nondo, akaisukuma injini ielekee mbele. Injini nzima ikalala, kwa namna ambayo hata asiyejua magari angeona kuwa haistahili, na ikavuma. Vuuuum, ule ule mvumo wa mteremkoni, wa mitungi ya maua, wa wiki zote zile. Akaiachia nondo, injini ikarudi mahali pake, ikanyamaza. Akasukuma tena. Ikavuma tena.

Mama Pumua alitazama chini. Miguu yake miwili ilikuwa juu ya changarawe, viatu vimejaa vumbi, hatua kadhaa kutoka kwenye pedali yoyote duniani.

"Tena," akasema. "Fundi, tafadhali, fanya tena."

Fundi Kofia alimwangalia usoni, akaishika nondo. Akafanya tena. Na tena. Mama Pumua akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na mwanawe akakimbilia kumshika akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara, akaendelea kuchekea hapo, machozi yakimtiririka, wapita njia wakigeuka, na yeye hajali.

"Injini hii," fundi akaeleza alipoona sasa anaweza kusikilizwa, "inakalia mipira, ili isitikise gari. Huu wa nyuma umekatika. Bandu bandu huisha gogo. Umekuwa ukichanika kidogo kidogo, ndiyo maana mvumo nao ulianza kidogo kidogo. Sasa tazameni waya huu. Huu ndio unaotoka kwenye pedali kuja kufungua mafuta. Unatakiwa uwe umelegea hapa katikati. Lakini mtu ameukaza kwenye bodi kwa mkanda wa plastiki. Aliyewawekea betri mpya, labda; ameona unaning'inia, akataka kupamba. Mpira ulipokuwa mzima haikuwa neno. Ulipokatika, kila gari likishuka mlima injini inalala mbele, na ikilala mbele waya unavutika. Inajikanyagia mafuta yenyewe."

"Na akifunga breki?" mpima ardhi akauliza taratibu.

"Ndiyo inalala zaidi."

"Kwa hiyo kadiri alivyokanyaga breki..."

"Ndivyo gari lilivyomwongezea mafuta. Mama yako alilisimamisha gari lililokuwa linakimbia, ndugu yangu. Kwa mguu mmoja. Mimi nisingemnyima funguo, ningempa lori."

Alichukua koleo akaukata ule mkanda. Waya ukajinyoosha, ukalegea. Akaisukuma injini kwa nondo. Ikalala, lakini haikuvuma. Mpira mpya angeuleta Jumatatu, akasema. Leo waende polepole, na wasiuteremke mlima ule bila sababu.

Fundi alipokuwa akikusanya zana zake, mpima ardhi alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake pale ukingoni. Funguo zilikuwa mkononi.

"Nisamehe, mama. Sikukusikiliza. Nilisikiliza kila mtu isipokuwa wewe."

"Ulikuwa unanilinda," akasema Mama Pumua. "Na nikuambie ukweli, hata mimi nilikuwa upande wako. Kaa hapa."

Akamwambia habari za kidole gumba. Hakupunguza wala kupamba. Mwanawe alisikiliza, akakunja uso. Mama Pumua aliona jinsi anavyojizuia kuziingiza zile funguo mfukoni tena, akampenda kwa hilo.

"Sikilizeni nyote wawili, wewe na huo mguu wangu," akasema. "Kila nikienda kliniki utakuwa unajua majibu. Hata yakiwa mabaya. Siku mguu ukisema basi, nitakuletea funguo mimi mwenyewe, kwako, kabla hujaniomba. Lakini nisivuliwe kwa kosa la waya."

"Na nitakuja kliniki pamoja nawe," akasema mpima ardhi.

"Utakuja kupima vipimo vyao?"

"Nitakuja kukaa tu."

"Basi njoo."

Mwanawe akampa funguo. Zilikuwa na joto la kiganja chake. Mama Pumua alizishika bila kuondoka, wakabaki wameketi ukingoni kama watu wanaosubiri usafiri, mpaka Fundi Kofia alipowapigia honi ya gari kuwauliza kama wameamua kuhamia pale.

*

Wiki iliyofuata, mpira mpya ukiwa mahali pake, Mama Pumua alimpeleka dada yake hospitali. Dada Mkubwa aliingia garini amejifunga mkanda mapema kuliko kawaida, lakini hakusema kwa nini. Kwenye ukuta wa shule Mama Pumua aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari likaanza kuteremka. Alisikia matairi yakisaga lami, alisikia kikohozi cha mtu barabarani, na injini, chini kabisa, ikihema kama mtu aliyelala. Akagusa breki kwa wepesi na gari likatii.

"Umefumba macho?" akauliza.

"Moja tu," akasema Dada Mkubwa. "Endelea na ile habari ya paa."

Alimfikisha mpaka kitandani, akahakikisha sindano imeingia vizuri, akawasumbua wauguzi kidogo kwa maswali, kisha akarudi garini kusubiri. Kwa kawaida alikuwa akifuma au akisoma gazeti. Siku hiyo alishusha kiti nyuma, akavua viatu, akafungua kioo kidogo. Kulikuwa na upepo wa kuridhisha. Alikuwa hajalala usingizi wa maana tangu siku ya mitungi ya maua, na hakujua kama ulikuwa ukimngoja pale kwenye maegesho. Ulimchukua hata kabla hajapata muda wa kujifunika kanga.

Kazi ya mashine ilipokwisha, Dada Mkubwa alisindikizwa mpaka nje akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Akamkuta mdogo wake mdomo wazi, anakoroma mpaka dashibodi inaitikia. Muuguzi akataka kugonga kioo. Dada Mkubwa akamshika mkono.

"Mwache kwanza," akasema. "Mgonjwa ni mimi, lakini leo anayepona ni yeye."